Mabango ya zilipendwa yanaharibiwa na fremu zake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tunataka kusema na wenye mikahawa, wenye hoteli na vijana wanaopamba nyumba zao kwa mabango ya zilipendwa, na zaidi tunataka kusema na mafundi wenzetu wanaoyatia mabango hayo kwenye fremu. Mtindo umeshika. Ukutani utakuta tangazo la dansi la miaka ya 1970, jalada la santuri ya taarab, picha ya bendi nzima imevaa bugaluu. Hatuna ugomvi na mtindo wenyewe, maana ndio unaotupa kazi. Ugomvi wetu ni kwamba karatasi iliyokaa miaka hamsini ndani ya sanduku la bati ikatoka salama, inaharibika ndani ya masika machache tu baada ya kutundikwa. Mwenye nayo husema imezeeka. Wala, imeharibiwa na fremu.

Tukumbushane kwanza bango la dansi lilikuwa kitu gani. Lilichapwa libandikwe kwenye ukuta wa baa au nguzo ya umeme, lisomwe wiki moja, Jumamosi ipite, mvua iliondoe. Kwa kazi kama hiyo hakuna mchapaji aliyetoa karatasi ya gharama. Karatasi ya bei ndogo hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti ukiwa hai. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka rangi ya chai, karatasi huzidi kuwa na asidi, na asidi hukatakata nyuzi. Ndiyo maana kona ya bango la namna hiyo ukiikunja huvunjika badala ya kupinda. Ugonjwa huo uko ndani ya karatasi tangu kiwandani, na fundi hawezi kuuponya kwa fremu. Anachoweza ni kutouharakisha.

Kosa kubwa kuliko yote ni laminesheni, yaani kulifungia bango ndani ya plastiki. Mteja huambiwa bango litadumu, maji hayataingia, vumbi litafutika kwa kitambaa. Kinachofanyika ni kwamba mashine hupitisha karatasi kati ya roli zenye joto la zaidi ya nyuzi 100, gundi iliyo kwenye plastiki huyeyuka, huzama kwenye nyuzi na kugandia humo. Asidi imefungiwa ndani, unyevu uliokuwamo umefungiwa ndani, na plastiki haibanduki bila kuondoka na wino. Pwani kingo zikianza kuachia, unyevu huingilia pembeni na kuacha mstari wa kahawia unaotambaa kuelekea katikati. Hilo halina tiba. Kubandika bango zima juu ya ubao kwa gundi ya seremala au gundi ya kupuliza ni kosa la ukoo huohuo: ubao ukivimba kwa unyevu, karatasi iliyoshikwa kila mahali haina pa kwenda, inapasuka au inafanya malengelenge. Laminesheni tuwaachie menyu ya wali na vitambulisho vya wanafunzi.

Baada ya hapo ni jua. Zitazameni picha za mitindo ya nywele kwenye vibanda vya vinyozi, jinsi zilivyogeuka buluu. Uchapaji wa rangi hutumia wino wa aina nne, na katika wino wa kawaida ule mwekundu na ule wa njano hupauka mapema, wa buluu na mweusi hubaki. Kwa hiyo bango lililopakwa wekundu ili kuvuta macho ya wapita njia ndilo la kwanza kufa. Majumba ya makumbusho huangaza karatasi za namna hii kwa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Jua la mchana lipigalo moja kwa moja hufika laksi 100,000. Pigeni hesabu: saa moja ya jua hilo ni sawa na siku 200 za makumbusho, kila siku saa kumi. Na mwanga hauna msamaha, kilichopauka hakirudi hata ukilihifadhi bango gizani miaka kumi.

Kipo kioo chenye kinga ya miale ya urujuanimno, na anayeweza kukigharamia akinunue. Lakini asidanganyike kwamba sasa anaweza kutundika popote, kwa sababu mwanga unaoonekana kwa macho nao hupausha. Kuchagua ukuta kuna faida kuliko kuchagua kioo. Ukuta unaolitazama dirisha ndio unaopigwa. Ukuta wenye dirisha lenyewe ndio salama, kwa kuwa mwanga huupita ubavuni. Ushoroba wa ndani usio na dirisha ni mahali pazuri kuliko sebule nyingi. Taa za LED hazina shida kubwa, ila msielekeze taa ya moto kwenye kioo kwa karibu.

Tuje kwenye kioo na karatasi. Visigusane. Fundi wa haraka huweka bango, huweka kioo juu yake, hupiga misumari nyuma, na mteja hufurahi kwa sababu bango limenyooka. Sasa chukulia chumba cha hoteli chenye kiyoyozi. Usiku kinapoa, asubuhi mgeni anatoka, mhudumu anafungua madirisha, hewa ya nje yenye unyevu inakikuta kioo baridi na kioo kinatoa jasho. Jasho hilo likitokea upande wa ndani, karatasi iliyokigusa kioo inalinywa. Siku ya kwanza huoni kitu. Baadaye vinakuja vidoa vya kuvu, na wino au utando wa picha unagandana na kioo. Ukiona picha ya harusi ya zamani ina mabaka yanayong'aa kama imeloa, ujue imeshaganda. Usiivute. Ipige picha hivyohivyo ikiwa na kioo chake, kisha mtafute mtu mwenye ujuzi wa kuhifadhi karatasi. Ukivuta utabaki na sura ya bibi harusi kwenye kioo na karatasi tupu mkononi.

Kinachotenganisha kioo na bango ni kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, tuiite kadi ya dirisha. Unene wa milimita 1.5 unatosha kwa karatasi ndogo. Kwa bango kubwa tumieni kadi mbili, maana karatasi pana hujikunjakunja kufuata unyevu na itakifikia kioo. Mteja akitaka bango lionekane lote bila kadi, kata vipande vyembamba vya akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo) au vya kadi vyenye unene wa milimita 3 hadi 5, vifichwe chini ya mdomo wa fremu pande zote nne. Havionekani, na vinafanya kazi ileile.

Nyuma ya bango ndiko kunakofichwa maovu. Hadibodi ni ya bei nafuu na ni imara, tunaitumia wote, lakini hutoa asidi, na ikigusa karatasi moja kwa moja huichora kwa rangi ya kahawia. Kadibodi ya boksi ni mbaya zaidi: mawimbi yake hujichora mgongoni mwa bango mstari kwa mstari. Na kibaya kupita vyote, utuwie radhi Mhariri, ni gazeti lako. Karatasi ya gazeti ndiyo yenye lignini kwa wingi, na bado mafundi wengi huitandaza nyuma ya picha ili kujaza nafasi. Gazeti lina kazi yake katika shughuli hii, tutaifikia.

Mpangilio unaofaa, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kioo, kadi ya dirisha, bango, kadi nyingine isiyo na asidi, kizuizi, kisha hadibodi. Kizuizi ni foili ya aluminiamu ya jikoni au plastiki ya poliesta ile ngumu inayong'aa. PVC isitumike kwa sababu hutoa mvuke na mafuta yake. Kama kadi isiyo na asidi haipatikani mjini kwenu, karatasi nyeupe za kisasa za fotokopi, tabaka tatu au nne, ni afadhali mara nyingi kuliko kadi ya rangi ya duka la vifaa vya shule. Karatasi nyingi za fotokopi siku hizi hutiwa chokaa kiwandani, hivyo hazina asidi. Wekeni hizo, na mzibadilishe mnapofungua fremu kuisafisha.

Vipimo sasa, kwa sababu hapa ndipo ubao unapopotea. Chukueni bango la A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4. Dirisha la kadi lifunike milimita 5 kila upande, kwa hiyo dirisha ni 41 kwa 58.4. Acheni ukingo wa sentimita 6 juu na ubavuni, na 7 chini; ukingo wa chini ukilingana na wa juu, jicho huliona bango limeshuka. Kadi nzima inakuwa 53 kwa 71.4. Ndani ya fremu, kwenye mfereji wa kuwekea kioo, ongezeni milimita 3 kila kipimo: 53.3 kwa 71.7. Hizo milimita 3 msizibane. Kadi na ubao hutanuka masika, na fremu iliyobana hupasua kioo kwenye kona au hufungua maungio. Kama ubao wa fremu una upana wa sentimita 3, mzunguko wa 250 ongezea mara nane ya upana huo, yaani 24, kwa ajili ya mikato ya nyuzi 45, na kidogo cha kupotea kwenye msumeno. Nunueni mita 3. Kina cha mfereji: kioo milimita 2, kadi mbili milimita 3, hadibodi milimita 3, jumla 8, kisha nafasi ya misumari. Chini ya milimita 12 msikubali.

Mbao tunayoipendelea ni mninga. Hausinyai sana wala haupindi ovyo, na msimu ukibadilika maungio yake hubaki yamefumba. Mkangazi na mtiki pia ni nzuri. Msonobari mbichi unaouzwa ukiwa bado na maji ndani usiuguse, kwani baada ya miezi michache kona zote nne zitakuwa wazi. Mbao yoyote iwayo, mfereji wake upakwe vanishi na uachwe ukauke wiki kadhaa, au ubandikwe utepe wa aluminiamu, ili mvuke wa mbao usilifikie bango.

Kioo cha milimita moja ya unene kina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Bango la sentimita 70 kwa 100 likitiwa kioo cha milimita 3 hubeba kilo 5 na robo za kioo peke yake, kabla ya mbao. Kwa ukubwa huo tumieni akriliki, ambayo ni nusu ya uzito na haikati mtu ikianguka. Hasara zake ni kwamba inakwaruzika, haipendi dawa za kusafishia zenye amonia, na ukiisugua huvuta vumbi kama sumaku. Picha ya chaki au ya rangi inayobanduka isiwekwe nyuma ya akriliki, itanyonywa unga wake.

Kulishikiza bango ni kazi ya dakika kumi ambayo huharibiwa kwa selotepu ya sekunde moja. Gundi ya selotepu hugeuka mafuta, hupenya karatasi na kuacha doa la rangi ya asali ambalo hata mtaalamu hulitoa kwa shida. Masking tepu ni hivyohivyo. Kinachofaa ni karatasi nyembamba ya Kijapani, ya nyuzi za mforsadi, na gundi ya wanga wa ngano. Tumesema wanga, unga wa chapati una protini zinazokuwa njano. Kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vijiko vitano vya maji, loweka nusu saa, pika kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30 huku unakoroga bila kuacha, mpaka iwe nzito na iache weupe wake. Ipoe, ichujwe kwenye kitambaa mara mbili, ipunguzwe kwa maji hadi ilingane na maziwa mazito. Haikai, baada ya siku mbili tatu imwagwe. Kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 3, kila kimoja kishike milimita 5 za mgongo wa bango kwenye ukingo wa juu, na sehemu iliyobaki ibandikwe kwenye kadi ya nyuma. Bango la A1 lipewe vitatu. Pande nyingine zote ziachwe huru. Karatasi ikinyonya unyevu inatanuka na kushuka chini bila kujikunja, ukavu ukirudi inarudi. Aliyebandika pande zote nne ndiye anayelalamika kwamba bango lake lina mawimbi. Gundi hii hulegea kwa maji, na hilo ndilo tunalolitaka: atakayekuja baada yetu aweze kulitoa.

Mabango yaliyokunjwa au kukaa yamefungwa bomba yasipigwe pasi. Pasi hukausha nyuzi na kuyeyusha wino. Tafuta beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko, tandika taulo lenye unyevu chini, juu yake weka wavu, bango likae juu ya wavu bila kugusa maji, funika saa chache. Likilegea, liweke katikati ya karatasi nene za kunyonya maji, juu ubao bapa na vitabu, siku nne tano, ukibadilisha karatasi kila siku. Kabla ya yote gusa kila rangi kwa pamba yenye unyevu kidogo mahali pasipoonekana. Wino wa mhuri na maandishi ya kalamu hutiririka. Vikitoa rangi kwenye pamba, acheni. Majalada yenye karatasi inayong'aa pia yasiingizwe kwenye beseni, utando wake hunatana. Kuvu hutolewa bango likiwa limekauka, nje ya nyumba, kwa brashi laini, na anayeifanya kazi hiyo avae barakoa. Jiki isitajwe hata kidogo.

Wa pwani wana swali lao: fremu izibwe au ipumue? Sisi tunaziba, kwa sharti. Kioo, kadi na bango hufungwa pamoja ukingoni kwa utepe wa aluminiamu kabla ya kuingia kwenye mbao, na hapo mabadiliko ya hewa ya kila siku hulifikia bango polepole sana. Sharti ni kwamba kilichomo kiwe kikavu siku ya kuziba. Kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70, na Tanga, Mombasa na Unguja hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ukiziba Aprili mvua inanyesha, umefungia bustani ya kuvu. Kazi hizi zipangwe kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, au kadi na bango vilale siku mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachoendelea, vizibwe humohumo. Nyuma ya fremu vibandikwe vipande vya mpira au kizibo, kila kona kimoja, ili fremu iachane na ukuta kwa sentimita moja. Hewa ipite, na mende wasipate chumba.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama wa Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale, una adabu zake. Msumari wa kupigwa hubomoa lipu na kurudi mkononi. Toboa kwa drili iliyozimwa mpigo wake wa nyundo, tundu la milimita 6 lenye kina cha sentimita 5, plagi ya plastiki, skrubu ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu. Mahali penye unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta pana maji yanayopanda kutoka ardhini. Pasitundikwe karatasi yoyote mpaka ukuta ushughulikiwe. Kama kuta ni dhaifu kote, fungeni ubao mmoja mrefu kwa skrubu tatu au nne na mtundike kila kitu kwenye ubao huo. Kamba ya nailoni hurefuka, tumieni waya wa chuma wenye ganda, ukiwa umefungwa robo ya urefu kutoka juu. Kulabu mbili kwa fremu moja huzuia kuinama kila mlango unapobamizwa.

Urefu wa kutundika: katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ila juu ya kochi acheni sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na fremu. Picha nyingi zikiwa pamoja, nafasi ya 5 hadi 8 kati yake. Hapa ndipo gazeti linapopata heshima yake: kateni kurasa kwa vipimo vya kila fremu, mzibandike ukutani kwa masking tepu, mzihamishehamishe mpaka jicho liridhike, ndipo mtoboe.

Majalada ya santuri yana ukubwa wa sentimita 31.5 hivi kila upande. Toeni santuri ndani. Uzito wake husukuma jalada mbele, na plastiki yake huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, joto ambalo ukuta wenye jua nyuma ya kioo hulifikia. Santuri ikae wima kwenye mfuko mweupe, jalada lishikwe kwa kona za poliesta bila gundi, na mgongo wake usikatwe ili lilale bapa. Zile santuri za zamani za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ni za shelaki na huvunjika kama sahani. Tumeziona zikipigwa msumari katikati ya tundu kama pambo. Hilo tunaliomba likome.

Michoro ya Tingatinga, kwa kuwa nayo huchanganywa na mabango kwenye kuta hizi, haihitaji kioo. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta za dukani juu ya hadibodi, na rangi hiyo ni ganda lake lenyewe. Kinachotakiwa ni papi mbili (vipande vyembamba vya mbao) nyuma ili hadibodi isipinde.

Sasa nakala. Msimamo wetu ni kwamba mahali penye jua, moshi wa jikoni au wateja wengi pawekwe nakala, na bango la asili lilale bapa kwenye boksi. Pigeni picha au skani kwa ukubwa uleule, nukta 300 kwa inchi, na mchapishe kwa wino wa pigimenti. Kwa matumizi ya kuuza, mwenye haki aulizwe kwanza. Ofisi za hakimiliki, COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar na KECOBO Kenya, zipo kwa shughuli hiyo. Na nakala iandikwe mgongoni kwamba ni nakala. Siku hizi zinauzwa kwa watalii zikiwa zimepakwa chai, kwa bei ya asili.

Kuzitambua si kazi ngumu. Shika lenzi inayokuza mara kumi. Mchapo wa ofseti, ule wa mashine za kiwanda cha uchapaji, una vitone vilivyojipanga kwa mistari. Printa ya nyumbani hurusha vitone ovyo. Nakala ya kitu kilichokwisha kuchapwa huwa na vitone juu ya vitone, na herufi zake nyeusi zina kingo za rangi. Pitisha kidole: herufi za risasi au mbao huacha mbonyeo mgongoni, wino wa skrini husimama juu ya karatasi. Mkunjo unaouona kwa macho lakini kidole hakiuoni, umechapwa.

Kisha someni bango lenyewe. Mengi yana siku na tarehe bila mwaka, na hiyo ni zawadi. Tuseme limeandikwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi NUTA, Jumamosi 9 Desemba. Tarehe hiyo iliangukia Jumamosi mwaka 1961, 1967, 1972 na 1978. Bendi ilianzishwa 1964, kwa hiyo 1961 imeondoka; na kufikia mwisho wa 1978 chama kilikuwa kimeshakuwa JUWATA na bendi ikafuata jina. Inabaki 1967 au 1972. Lingekuwa la bendi ya Mlimani Park, iliyoanza 1978, mngeanzia hapo na kupanda hadi 1989. Bango lenye Mbaraka Mwinshehe akipiga dansi baada ya Januari 1979 ni la uongo, kwani mwezi huo ndipo alipofariki. Na bango la "1975" lenye namba ya simu ya mkononi, jamani, hilo halihitaji lenzi.

Kilichobaki ni ombi kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na River Road wanaoingiza vifaa vya ofisi na vya uchapaji. Tuleteeni kadi isiyo na asidi ya milimita 1.5, plastiki ya poliesta ya rola, karatasi ya Kijapani na kalamu ya kupimia asidi, ile ambayo alama yake hubaki zambarau kwenye karatasi salama na kuwa njano kwenye karatasi yenye asidi. Kadi nyingi zinazouzwa kwa jina la "kadi ya fremu" hugeuka njano kwenye kalamu hiyo papo hapo, na muuzaji hana habari. Tukiipata kadi inayofaa kwa bei ya jumla, kwa fremu ya A2 nyongeza itakuwa kadi mbili za sentimita 53 kwa 71.4 na kipande cha foili.

Wako,
Mafundi fremu, Tanga